Somo: Jina Lako Katika Daftari la Mikopo. Namna ya Kuuliza na Namna ya Kulalamika



Somo letu safari hii limetokana na swali lililoulizwa na mwenzetu mmoja wa kiwandani. Alisema hivi: "Nilikwenda benki kuomba mkopo mdogo wa kununua mashine ya boti. Karani akatazama mashine yake, akatikisa kichwa, akaniambia jina langu ni baya. Nikamwuliza nani ameliharibu. Akasema si yeye, ni daftari. Sasa mimi nitalishitaki daftari kwa nani?"

Swali hili ni kubwa. Wengi wetu tumeambiwa maneno kama hayo tukarudi nyumbani kimya, tukidhani neno la benki halina jibu. Jibu lipo, na kila mfanyakazi anaweza kulifuata hata kama hakusoma sana. Tusome pamoja, pole pole.

1. DAFTARI HILI NI KITU GANI?

Mtu anapokopa benki, au katika kampuni ya mikopo midogo, habari za mkopo wake haziishii pale alipotia sahihi. Zinapelekwa kwenye daftari moja la nchi nzima. Kwetu Msumbiji daftari hilo linaitwa Central de Registo de Crédito, na linawekwa na Banco de Moçambique, yaani Benki Kuu. Zaidi ya hilo, Sheria Na. 6/2015 ya tarehe 6 Oktoba 2015 iliruhusu makampuni ya watu binafsi nayo yafanye kazi ya kukusanya habari za mikopo, chini ya usimamizi wa Benki Kuu hiyo hiyo.

Ndani ya daftari mnaandikwa nini? Jina la mkopaji, nani amemkopesha, kiasi gani, kiasi gani kimebaki, na kama analipa kwa wakati au amechelewa. Hivyo daftari si orodha ya watu wabaya tu. Hata anayelipa vizuri yumo, na akiandikwa vizuri inamsaidia. Benki nyingine anayoiendea kesho italifungua daftari kwanza kabla ya kumjibu.

Tena tushike jambo moja ambalo ndilo mzizi wa somo hili: daftari halimjui mtu. Aliyeko Maputo hajui kama wewe ulilima mkonge, ulipakia magogo bandarini, au ulikimbia na watoto usiku. Anajua tu kile alichoandikiwa na benki. Benki ikiandika kosa, daftari linabeba kosa. Kwa hiyo mwenye kazi ya kusahihisha ni yule aliyepeleka habari, na mwenye kazi ya kumwonyesha kosa kwa karatasi ni wewe.

Wazee wetu watakumbuka "caderneta" ya wakati wa ukoloni. Mtu alitembea na kitabu mfukoni ambamo wengine waliandika habari za kodi yake na kazi yake, na mara nyingi mwenyewe hakuweza kukisoma. Mambo hayo yaliondolewa pamoja na sheria ya "indigenato" mwaka 1961. Daftari la mikopo la leo ni kitu kingine, lakini funzo ni lile lile: si vizuri habari zako zisomwe na kila mtu isipokuwa wewe.

2. MAKOSA YANATOKA WAPI?

Tumeyapanga makosa katika mafungu matano.

(a) Umelipa, lakini hukufutwa. Ulimaliza deni, benki ikasahau kupeleka habari mpya. Umeandikwa bado unadaiwa.

(b) Mwajiri amekukata, lakini fedha hazikufika. Hili ndilo linalouma zaidi. Mkopo wa mshahara hulipwa kwa kukatwa kila mwezi kabla hujapokea. Ofisi ya mishahara inakukata, lakini haipeleki fedha benki. Wewe unajiona umelipa. Benki inakuona hulipi.

(c) Majina yamechanganywa. Katika pwani yetu majina yanafanana mno. Mtoto anaitwa kwa jina la babu, na kijiji kimoja kina watu kumi wenye majina yale yale. Karani akikosea namba ya Bilhete de Identidade (BI) au ya NUIT, deni la mwingine linaangukia kwako.

(d) Ulimdhamini mwenzako. Ulitia sahihi kama "avalista", yeye akashindwa kulipa, na deni likakufuata. Hili si kosa la daftari kama sahihi ni yako kweli, lakini una haki ya kujua kiasi halisi.

(e) Mkopo wa simu uliousahau. Kiasi kidogo, siku chache, kisha laini ya simu ikapotea au kubadilishwa. Deni lilibaki.

Juu ya hayo, sisi wa Cabo Delgado kaskazini tuna jambo letu wenyewe. Vita vilianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na tarehe 24 Machi 2021 Palma ilishambuliwa. Watu walikimbia bila hata viatu. Mabenki yalifungwa, kazi zikasimama, karatasi zikaungua. Mwenye mkopo hakuwa na pa kulipia wala cha kulipa. Lakini mashine ya benki iliendelea kuhesabu siku. Huyo naye leo anaambiwa jina lake ni baya.

Wala tusidhani kwamba makosa haya ni ya nchi maskini tu. Mwaka 2013 serikali ya Marekani ilitangaza matokeo ya uchunguzi mkubwa juu ya habari za mikopo za raia wake. Ilionekana kwamba katika kila watu 5, mmoja alikuwa na kosa lililothibitishwa katika daftari mojawapo. Kama kule kwenye mashine nyingi makosa ni hayo, sisi tusione aibu kuuliza.

3. HAKI YETU IMEANDIKWA WAPI?

Imeandikwa katika Katiba ya Jamhuri ya Msumbiji ya mwaka 2004. Kifungu cha 71 kinasema kwamba kila mtu ana haki ya kuzifikia habari zilizokusanywa juu yake, na kupata zisahihishwe. Kifungu cha 79 kinatupa haki ya kupeleka ombi na malalamiko mbele ya wakuu wanaohusika. Na Sheria Na. 22/2009 inamlinda mteja anayenunua bidhaa au huduma.

Basi ukienda kuuliza habari zako huendi kuomba hisani. Unakwenda kwa adabu, lakini unakwenda kuchukua kilicho chako.

4. HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya kwanza: Kusanya karatasi. Tafuta BI, NUIT, mkataba wa mkopo, stakabadhi za mshahara (recibos), stakabadhi za malipo, na karatasi ya hesabu ya benki (extracto). Kama ulilipa kwa simu, usifute ujumbe. Unakili namba ya malipo na tarehe katika daftari la shule. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na ukweli bila karatasi, mbele ya karani, hupotea vile vile.

Kama karatasi ziliungua au zilipotea vitani, usikate tamaa. Benki inaweza kukutolea upya extracto. Mwenzako wa kazi anaweza kuwa na stakabadhi za miezi ile ile zinazoonyesha namna kampuni ilivyokuwa ikikata. Na uombe "declaração" kwa katibu wa mtaa au ofisi ya wilaya kuonyesha kwamba ulihama kwa sababu ya vita na tangu lini.

Hatua ya pili: Uliza umeandikwa nini. Omba kwa maandishi habari zako zilizomo katika Central de Registo de Crédito. Banco de Moçambique ina ofisi Pemba. Ambatisha nakala ya BI na NUIT. Aliyekunyima mkopo naye mwulize: habari mmezitoa daftari gani, na benki gani ndiyo iliyoandika? Usianze kulalamika kabla ya kujua neno lenyewe lililoandikwa. Mtu anayelalamika gizani anarudishwa mlangoni.

Hatua ya tatu: Iendee benki iliyoandika. Peleka barua yenye kichwa "Reclamação". Ukiona kitabu cha malalamiko (Livro de Reclamações), kiombe na uandike humo pia. Barua iwe nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wanaigonga muhuri wa kupokea pamoja na tarehe, unarudi nayo nyumbani. Nakala yenye muhuri ndiyo silaha yako. Barua isiyo na muhuri ni kama haikuandikwa.

Hatua ya nne: Panda juu. Kama benki haijibu, au inajibu "rudi kesho" kila unapokwenda, chukua ile nakala yenye muhuri uiandikie Banco de Moçambique. Yenyewe ndiyo inayosimamia mabenki, na inapokea malalamiko ya wateja. Eleza kwa ufupi: nililalamika tarehe fulani, nakala hii hapa, jibu sijapata au jibu si sahihi.

Hatua ya tano: Msaada wa sheria. Kama mlango huo nao umefungwa, ipo taasisi ya serikali inayowasaidia wasio na uwezo wa kumlipa wakili: IPAJ, yaani Instituto do Patrocínio e Assistência Jurídica. Wapelekee mfuko mzima wa karatasi.

Njia kutoka Palma au Mocímboa hadi Pemba ni ndefu, nauli ni nzito, na usalama wa barabara sote tunaujua. Kwa sababu hiyo tunashauri malalamiko ya wafanyakazi wa sehemu moja yakusanywe na kamati ya tawi, na mtu mmoja anayeaminika ayapeleke yote kwa safari moja. Kama atasema kwa niaba yenu, mwandikieni "procuração" iliyothibitishwa na notari. Asiyejua kutia sahihi atatia dole gumba mbele ya mashahidi.

5. TUFANYE HESABU

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini wengi watajiona ndani yake.

Ndugu mmoja alikopa, akakubali kukatwa metikali 3,400 kila mwezi kwa miezi 24. Alikatwa miezi 15. Miezi 11 ya kwanza fedha zilifika benki. Miezi 4 iliyofuata kampuni ilimkata lakini haikupeleka fedha. Kisha vita vikafika, kampuni ikafunga, mshahara ukakoma. Leo daftari linasema hakulipa miezi 13, yaani:

13 x 3,400 = metikali 44,200

Yeye analalamika: "Mimi sidaiwi kitu, nilikatwa!" Benki inamjibu: "Unadaiwa zote." Wote wawili hawakutazama stakabadhi. Tuzitazame sisi.

Miezi ambayo kweli haikulipwa: 24 kutoa 15 = miezi 9.
9 x 3,400 = metikali 30,600. Hili ni deni lake.

Miezi aliyokatwa na mwajiri bila fedha kufika: miezi 4.
4 x 3,400 = metikali 13,600. Hizi alikwisha kuzitoa katika jasho lake.

Kwa hiyo ndugu huyu ana mambo matatu ya kufanya, na asiyachanganye. Juu ya metikali 13,600, apeleke dai kwa mwajiri, kwa msaada wa chama na ofisi ya ukaguzi wa kazi (Inspecção do Trabalho). Madai ya kazi yana muda wake wa kisheria, kwa hiyo asikawie. Wakati huo huo aijulishe benki kwa barua, na stakabadhi nne ziambatishwe, aombe maelezo yake katika daftari yasahihishwe pamoja na faida ya kuchelewa iliyohesabiwa juu ya fedha hizo. Benki yaweza kusema haikuzipokea. Ndiyo maana dai kwa mwajiri na barua kwa benki viende pamoja. Juu ya metikali 30,600, aombe kupangiwa upya malipo (reestruturação), akieleza kwamba kazi ilikoma kwa vita na kuonyesha declaração.

Mmeona, ndugu? Aliyesema "sidaiwi kitu" angefukuzwa. Anayesema "nadaiwa hizi, hizi sidaiwi, na ushahidi huu hapa" anasikilizwa, kwa sababu amekwisha kufanya kazi ambayo karani hakutaka kuifanya.

6. BARUA YENYEWE

Barua iandikwe kwa Kireno, lugha ya ofisi. Asiyejua Kireno amtafute kijana wa shule au katibu wa tawi. Maana yake iwe hii:

"Mimi, (jina kamili), mwenye BI namba … na NUIT namba …, mkazi wa …, nilipata mkopo kwenu tarehe … Nimeona kwamba katika daftari la mikopo nimeandikwa nadaiwa metikali … Kiasi hicho si sahihi kwa sababu … Naambatisha nakala za: (zitaje moja moja). Naomba habari hizo zisahihishwe, na nijibiwe kwa maandishi."

Kisha mahali, tarehe, na sahihi. Sentensi moja ya Kireno mnaweza kuishika kwa moyo: "Venho por este meio pedir a rectificação da informação de crédito em meu nome." Maana yake: kwa barua hii naomba zisahihishwe habari za mkopo zilizoandikwa kwa jina langu.

Barua isizidi ukurasa mmoja. Msitie matusi wala historia ya ukoo. Toeni nakala tu. Karatasi ya asili isitoke mikononi mwenu.

7. MAMBO YA KUJIHADHARI

Deni la kweli halifutwi kwa malalamiko. Dawa ya deni ni kulipa, au kukubaliana namna ya kulipa.

Wako watu wanaopita mitaani na hata katika kambi za waliohama, wakisema: "Nipe metikali kadhaa nikusafishie jina." Hao ni wezi. Daftari halisafishwi sokoni. Linasahihishwa kwa barua kwa aliyeandika.

Namba ya siri ya simu au ya kadi usimpe mtu yeyote, hata akijiita ofisa wa benki. Anayeshughulikia malalamiko yako hana haja nayo.

Na ukimaliza deni, omba karatasi ya kuthibitisha kwamba umemaliza. Iweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

8. MAJIRANI ZETU WAMEFANYA NINI?

Wengi wetu tuna ndugu ng'ambo ya Ruvuma, na wengine wamewahi kufanya kazi huko. Tanzania ilitunga kanuni za ofisi za habari za mikopo mwaka 2012, chini ya Benki Kuu yake.

Kenya nako kuna jambo la kujifunza. Huko watu wengi walikopa kwa simu, na wakaandikwa wadaiwa wabaya hata kwa fedha ya chai. Waliandika malalamiko mengi. Mwezi Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba mtu asiandikwe vibaya kwa deni lililo chini ya shilingi 1,000. Pia iliwazuia wakopeshaji wa simu wasio chini ya usimamizi wake wasipeleke tena majina ya watu katika daftari, na ilisema wazi kwamba sababu mojawapo ni malalamiko ya wananchi.

Tuyapime maneno hayo. Barua ya mtu mmoja inasahihisha jina la mtu mmoja. Barua mia zenye kosa moja zinaonyesha kwamba tatizo halimo kwa mkopaji, limo katika kanuni au katika ofisi ya mishahara ya kampuni fulani. Wafanyakazi 20 wa shamba moja wakikuta wote wana pengo la miezi ile ile, hapo kamati imekwisha kumjua aliyezuia fedha.

Ndiyo maana tunawaomba msiifiche habari hii kwa aibu. Deni ni siri ya mtu, sawa, na hatumlazimishi yeyote kutaja kiasi chake mbele ya mkutano. Lakini miezi aliyokatwa bila fedha kufika benki si siri yake. Ni habari ya wote.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Nani ndiye mwenye kazi ya kusahihisha kosa katika daftari la mikopo, na kwa nini tunaanza na yeye?

2. Kwa nini nakala ya barua lazima igongwe muhuri na tarehe?

3. Mfanyakazi alikatwa metikali 2,500 kwa mwezi kwa miezi 18, katika mkopo wa miezi 20. Benki inasema ilipokea miezi 12 tu. Kiasi gani ni deni lake la kweli, na kiasi gani kimezuiwa na mwajiri? (Jibu: metikali 5,000 na metikali 15,000. Fanyeni hesabu wenyewe kabla ya kulisoma hili kwa sauti.)

4. Kila mmoja atazame nyumbani: stakabadhi za mshahara za miezi 6 iliyopita ziko wapi?

KAZI YA KUFANYA: Kabla ya mkutano ujao, kila tawi lifungue faili moja la malalamiko ya mikopo, lichague mtu wa kulitunza, na liandike orodha ya wanachama wanaotaka kuuliza habari zao Pemba. Yule ndugu wa mashine ya boti amekwisha kupeleka barua yake benki, na nakala yenye muhuri anayo. Tutawaarifu atakachojibiwa.